Nundu Chini ya Kitambaa

Ukimkaribisha Salvina chai pale Ihembe, jiandae kufedheheka. Atapokea kikombe, atakigeuza kwenye mwanga, atatoa leso yake mwenyewe mkobani, atafuta ukingo wote, atakunywa funda moja, kisha atasema ameshiba. Si majivuno, ingawa hayo nayo anayo ya kutosha. Ni kinyaa. Alizaliwa nacho Muleba, akaolewa nacho Karagwe, na marehemu mumewe Ndyamukama, aliyekuwa karani wa chama cha kahawa, alikula miaka ishirini na sita mbele ya mke anayemkodolea macho namna anavyotafuna. Nzi akitua kwenye ndizi zake, sahani nzima inakwenda kwa mbwa. Mtu akipenga kamasi barabarani, Salvina anavuka upande wa pili, na kama upande wa pili kuna matope, anasimama palepale amefumba macho mpaka mwenye kamasi apite.

Kinyaa hichohicho ndicho kilichompa jina. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hutengenezwa kwa miguu ya watu, na asiyependa kusikia hivyo asiinywe. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, humenywa, hutiwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi, yaani gogo lililochongwa likawa kama hori refu, na mwanamume huingia humo miguu mitupu akazikanyaga mpaka zitoe maji. Maji hayo matamu, omuramba, huchujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa, na kesho yake yanachemka yenyewe. Watu wengine huchuja ili kutoa nyasi. Salvina alichuja kama polisi anayetafuta ushahidi. Kwenye kila sherehe ya kigango chujio lilikuwa lake, na hata wazee ambao hawapendi mwanamke asogelee mtumbwi walinyamaza, kwa sababu rubisi yake haikuwa na unyasi hata mmoja.

Wiki hiyo alikuwa na kazi yake mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Mwesiga, mwalimu wa shule ya msingi, angepeleka pombe ya posa Jumamosi huko Kimuli, Kyerwa, kwa mzee Mutabazi. Shangazi wa binti, Adelgunda, alisifika kwa jicho kali. Mwaka juzi alikataa madumu ya watu mbele ya wageni wote kwa sababu ya bawa moja la mdudu, na posa ile haikuendelea tena. Salvina aliposikia habari hiyo alimpenda Adelgunda papo hapo, na papo hapo akamwogopa.

Shimoni aliivisha mikungu kumi na minane, ikanyagwe kwa awamu tatu, sita sita. Mkanyagaji alimwita Nshimiyimana kutoka Ndama, mtu wa asili ya Burundi, kibarua wa siku nyingi, ambaye kwa kukanyaga ndizi hakuwa na mpinzani. Alikuwa na miguu mipana na pumzi ndefu, na alijua kwa unyayo tu kama ndizi bado zimeficha maji. Msimu wa posa aliitwa nyumba hadi nyumba, na shamba lake dogo alilinunua kwa miguu hiyo.

Jumatano asubuhi alinawa, akaingia, akaanza. Majirani walikuwa wamekaa kwenye benchi kama ilivyo kawaida, Adventina wa nyumba ya jirani akiwa katikati, maana pasipo na Adventina hakuna habari. Salvina alisogea na nyasi mkononi. Ndipo Nshimiyimana alipoinua mguu wa kulia, ukiwa umeoshwa na maji ya ndizi, na Salvina akaona.

Juu ya mguu, karibu na kifundo, palikuwa na uvimbe. Ulikuwa wa duara, ukubwa wa yai la kwale, umevuta ngozi ikang'aa, na kila alipobonyeza unyayo ulihama kidogo chini ya ngozi kana kwamba mle ndani kuna kitu kinachogeuka usingizini. Salvina alihisi mate ya chumvi yakimjaa mdomoni. Akauona uvimbe ule ukipasuka, akauona usaha wa kijani ukichanganyika na omuramba, akamwona Adelgunda akiinua bilauri kwenye mwanga.

"Toka," alisema.

"Mama Mwesiga?"

"Toka kwenye mtumbwi wangu! Una jipu mguuni halafu unaingia kwenye kinywaji cha watu? Wakwe zangu wanywe usaha wako?"

Nshimiyimana aliutazama mguu wake kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. "Hiki? Kina miaka minne, mama. Hakina kidonda, hakijawahi kutoa kitu. Kishike uone."

"Nikishike!" Salvina alirudi nyuma hatua mbili na kufuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa imemgusa. "Nikishike mimi!"

Adventina akasimama ili aone vizuri. Mmoja alitema mate, mwingine akasema kumbe ndiyo maana pombe ya ubatizo wa juzi ilimsumbua tumbo. Nshimiyimana alitoka mtumbwini, akanawa miguu taratibu, akachukua kandambili zake mkononi na kuondoka bila kuaga. Salvina akaamuru mtumbwi wote umwagwe. Mikungu sita ilikwenda kwenye mashimo ya migomba, na nyuki wakaifaidi siku nzima. Aliusugua mtumbwi kwa majivu mara tatu, na hata alipolala bado aliuona uvimbe ule ukihamahama.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji hana budi kulijua, na ambalo Ihembe nzima ilikuwa hailijui, kwa sababu Salvina hatoki nje bila kitambaa kichwani. Kwenye utosi, pale inapokaa ngata ya kubebea mizigo, alikuwa na nundu.

Alikuwa nayo tangu ana miaka thelathini. Kwanza ilikuwa kama punje ya mahindi, baadaye kama kahawa yenye ganda, na sasa inajaza kiganja cha mtoto, laini, imenyonyoka nywele. Wala hakuwahi kuionea kinyaa hata siku moja! Mama yake alikuwa nayo, na bibi yake pia. Alipokuwa mdogo, mama alivua kitambaa baada ya kutua mzigo, akamkalisha nyuma yake ampake samli kwenye nundu, na kumwambia kwamba hiyo ndiyo alama ya mwanamke aliyebeba. Mwanamke mvivu ana utosi laini. Mwanamke aliyebeba mikungu, kuni na maji mpaka watoto wakasoma, ngata humwachia nundu. Salvina aliipokea yake kama watu wengine wanavyopokea cheti. Aliificha, ndiyo, kwa sababu kichwa cha mwanamke hakitembezwi, lakini alipooga aliipapasa na kumkumbuka mama.

Siku tano zilizopita ilianza kumuuma. Ilipata joto, ikawa nyekundu, ikapiga kama moyo. Salvina alikaza kitambaa zaidi, akanywa vidonge vya maumivu, akaendelea na kazi.

Alhamisi asubuhi akaja Elick, kijana mwenye maneno mengi na miguu myembamba, akakanyaga mikungu sita ya pili kwa kuhema na kupumzika. Salvina mwenyewe aliibeba kutoka shimoni, mmoja mmoja kichwani, na kila mkungu uliokalia utosi ulimtoa machozi. Omuramba ulipopatikana, aliinamia chujio. Adventina alikuwa jikoni akikaanga mtama, Elick alikuwa nyuma ya nyumba akinawa. Salvina alikuwa peke yake na pipa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya samli iliyosahauliwa kibuyuni, ikichanganyika na ya mguu uliokaa wiki nzima ndani ya buti la mvua. Salvina alikunja uso akatazama huku na huku amjue mchafu aliyeingia uani. Kisha akahisi uvuguvugu nyuma ya sikio. Kitu kilitambaa kutoka chini ya kitambaa, kikapita shavuni, kikaning'inia kidevuni. Kabla hajainua mkono, kilidondoka.

Kilikuwa cheupe chenye umanjano, kizito, kama ugali mbichi uliochacha, na kina uzi wa damu. Kiliogelea juu ya omuramba wa posa ya mwanawe. Cha pili kikafuata, kikubwa kuliko cha kwanza.

Alijishika kichwani, kitambaa kikafyonza na kulowa, na vidole vilirudi vimejaa. Alivitazama. Mwanamke huyu aliyefuta vikombe vya parokia nzima alivitazama vidole vyake mwenyewe, akanusa bila kutaka, akageuka na kutapikia migomba mpaka tumbo likabaki tupu.

Aliporudi kwenye pipa, hakuna aliyekuwa amefika. Huko jikoni mtama ulikuwa ukipasuka kikaangoni. Kichwa chake, pamoja na maumivu yote, kikaanza kupiga hesabu. Shimoni ilibaki mikungu sita tu. Hakuna aliyeona. Chota pale juu, mwaga kata moja, funika, chuja tena. Alichukua kata, akaizamisha taratibu. Vile vitu vikavunjikavunjika, vikawa chenga nyeupe, vikazama kila upande.

Alikaa na kata mkononi kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Kisha akalisukuma pipa kwa mguu, likalala, omuramba wote ukakimbilia chini.

"Mjusi!" alipiga kelele. "Mjusi ameanguka ndani!"

Adventina alitoka mbio na mwiko mkononi. Alitazama matope, asione mjusi, akatazama kitambaa kilicholowa. "Na kichwani una nini?"

"Jasho," alisema Salvina, akapita.

Zahanati ilikuwa na watu wachache. Tabibu Jovin, kijana mpole mwenye miwani, alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akafungua kile kitambaa. Hakukunja pua, na Salvina, aliyekuwa akimtazama usoni kwa makini, alishangaa mtu anawezaje. Alichomwa ganzi. Jovin akapanua tundu kidogo kwa kisu, akabonyeza, na kile kitu kikatoka kwa mafungu, kikijaza beseni la chuma. Muuguzi akafungua dirisha. Salvina akaomba aone, akaona, akajuta.

"Hii, ngata ndiyo imenifanyia," alisema. "Mama alikuwa nayo. Bibi pia."

"Basi umeirithi, mama. Aina hii hutembea kwenye familia, hasa kwa kina mama, hasa kichwani. Ngata haikuileta. Wapo ambao hawajawahi kubeba hata kikapu, na wanazo."

"Sasa ni nini?"

"Ni kifuko. Ngozi imejikunja kwa ndani ikajifunga kama mfuko. Ile taka ambayo ngozi ya nje inaitoa na wewe unaiosha kila siku, huku ndani nayo inatoka, lakini haina mlango. Inajikusanya mwaka hadi mwaka. Yako imeingiwa na vijidudu, ndiyo maana imechacha hivi. Leo nimeikamua tu. Ikipoa, baada ya wiki kadhaa, utarudi tuutoe mfuko wenyewe, maana ukibaki utajaa tena. Nyingi za namna hii hazina neno, ila tutaupeleka ukapimwe."

Taka. Salvina alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Miaka ishirini na saba alikuwa akibembeleza kimfuko cha taka, na utotoni alikipaka samli cha mama yake kwa vidole hivi. Alitaka kumkasirikia mama, lakini akashindwa, akalia.

Alipofuta machozi aliuliza lililomkaa kooni. "Na mtu akiwa na uvimbe juu ya mguu, karibu na kifundo, wa duara, umekaa miaka minne, haujapasuka?"

"Unauma?"

"Anakanyaga nao ndizi siku nzima."

"Sijauona, siwezi kuapa. Lakini mara nyingi pale ni kifuko cha ute, ule unaolainisha kiungo. Ute mzito, safi, kama ute wa yai. Si usaha. Haumwambukizi mtu, na mwingine hupotea wenyewe."

"Safi?"

"Safi kuliko huu wako, mama," alisema Jovin, akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mgonjwa, akaacha.

Alimnyoa sehemu ya utosi na kumzungushia bendeji nene ambayo hakuna kitambaa kingeweza kuificha. Salvina alitoka hivyohivyo, akapanda bodaboda, akamwambia dereva amfikishe Ndama.

Nshimiyimana alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharage na mkewe, Kampire. Kampire alipomwona mgeni hakuinuka kwanza, na kwa mwanamke kama yeye hilo lilikuwa tusi tosha. Ndipo akaleta kigoda, akakiweka mbali.

"Watu watatu wametuma salamu tangu jana," alisema Kampire. "Wamepata mkanyagaji mwingine. Wa ubatizo anataka tumlipe dawa ya tumbo."

 Salvina alikaa kwenye kigoda na bendeji yake kama mtu aliyevikwa mtungi.

"Baba Mahoro," alianza, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, ingawa Mahoro, binti wa Nshimiyimana, alisoma darasa moja na Mwesiga. "Nimekuja kuomba radhi. Mguu wako ni mzima. Tabibu ameniambia. Imebaki mikungu sita, na posa ni keshokutwa. Njoo kesho unikanyagie."

Nshimiyimana alipukuchua ganda moja, akapukuchua la pili. "Nasikia Elick alikanyaga leo. Na nasikia mmeumwaga omuramba wote."

"Mjusi," alisema Salvina.

"Mjusi mkubwa, mama waitu. Mpaka amekung'ata kichwani."

Kampire akainama kuficha kicheko. Salvina alihisi uso ukimwaka. Angeweza kuinuka. Angeweza kumpata mtu mwingine, Ihembe haikosi miguu ya kukanyaga. Lakini alikuwa amechoka na kunuka dawa, akawaeleza yote, harufu, kidevu, kata, chenga. Kampire aliacha kucheka. Alipofika kwenye kata, alijishika mdomo.

Nshimiyimana aliweka maganda kando. "Nitakuja," alisema. "Bure, hata pesa sitaki. Lakini sitaingia mtumbwini mpaka uwaambie wale wa kwenye benchi maneno haya uliyoniambia mimi. Mguu wangu uliusema mbele yao. Na kichwa chako ukiseme mbele yao."

"Adventina atayafikisha Kimuli kabla ya pombe."

"Ya mguu wangu yamefika Kyerwa tangu jana."

Ijumaa asubuhi benchi lilijaa kuliko Jumatano. Nshimiyimana alisimama kando ya mtumbwi, suruali imekunjwa magotini, kandambili bado miguuni, na Kampire nyuma yake. Mwesiga alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Salvina alitoka ndani bila kitambaa. Watu wakanyoosha shingo waione bendeji na ile sehemu iliyonyolewa.

Alitaka kusema kwa mpango, lakini maneno yakatoka yakisukumana. "Jana hakukuwa na mjusi. Nilikuwa na nundu kichwani, imejaa uchafu, ikapasuka, uchafu ukaingia kwenye omuramba. Mimi ndiye niliyeutia. Nilitaka kuchota ninyamaze. Baba Mahoro hana usaha, ana ute kwenye kiungo, ni mtu safi. Niliyemwita mchafu ni safi. Basi."

"Yesu wangu," alisema Adventina. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu kabisa na Salvina. Aliitazama bendeji, akaangalia mikono ya Salvina, akakumbuka, ilionekana wazi, mapipa yote aliyokunywa kutoka kwenye mikono ile. Midomo ikamkunjamana. Akasogea. Benchi lilikuwa limejaa, ikabidi wanne wasogee naye, na kati yao na Salvina pakabaki nafasi ya kukaa watu wawili.

Salvina aliijua vizuri hatua ile. Alikuwa ameipiga maisha yake yote, barabarani, kanisani, kwenye foleni za kisima, na hakuwahi kujiuliza inaonekanaje ukiwa upande huu.

Nshimiyimana alinawa miguu, akaingia. Ndizi za ile mikungu sita iliyobaki zilikuwa zimeiva kupita kiasi na alizikanyaga kwa upole, akizigeuza na nyasi, uvimbe wake ukihama chini ya ngozi mbele ya macho ya kila mtu. Salvina alijilazimisha kuutazama. Kinyaa kilimpanda vilevile. Kujua kwamba ni ute safi hakukuzuia kitu; alimeza mate, akaendelea kutazama.

Maji yalipotoka ya kutosha, mkanyagaji alisimama akipangusa jasho. "Nani atachuja?" aliuliza.

Hakuuliza kwa dhihaka, kazi ilikuwa imefika hapo. Chujio lilikuwa limetundikwa ukutani, mahali pake pa siku zote. Macho yote yakaenda kwa Salvina, kisha yakaenda kwenye bendeji. 

Salvina alilitungua, akalitazama, akampa Kampire. Maneno ya kumwambia anawe mara tatu yalimfika ulimini, akayarudisha. Kampire alikwenda kunawa mwenyewe, akainamia pipa, akaanza kuchuja kwa mikono ambayo Salvina hakuijua.

Basi akabaki amesimama uani kwake hana kazi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Kwenye benchi kulikuwa na nafasi ya watu wawili, na hakuna aliyemwita.

"Mama Mwesiga," Nshimiyimana alisema kutoka mtumbwini. "Hizi za chini bado zina maji. Niletee nyasi."

Adventina aligeuza kichwa. Salvina aliokota fungu la nyasi kwa mikono miwili na kulisogeza mpaka ukingoni. Nshimiyimana angeweza kumwambia alitupe humo. Hakusema hivyo. Alinyoosha mikono yake, akalipokea kutoka mikononi mwake, akalitandaza chini ya miguu na kuendelea kukanyaga.